Nilivyomfuata Ndugu Yangu Joki Huko Virginia

Wenzangu wa pale buchani, mmenisumbua vya kutosha. Tangu nirudi, kila anayekuja kununua nusu kilo anaegemea kaunta na kuniuliza safari ilikuwaje, na kabla sijamjibu yeye mwenyewe ameshaanza kunieleza Amerika ilivyo. Kwa hiyo nimeamua kuandika mara moja, msome nyote, kisha mninunulie nyama kwa amani. Habari za viza na tikiti sitazigusa. Zilinichosha, zitawachosha na nyinyi.

Wale mliohamia Njoro juzi hamkumjua Kimani. Ni kitinda mimba wetu. Baba yetu alikuwa saisi, mtunza farasi katika shamba la Mzungu mmoja huko juu, na Kimani alipanda farasi kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Alikwenda uwanja wa mbio wa Ngong kuwa joki, mpanda farasi wa mashindano, lakini akarefuka, na joki wa mbio za kawaida hatakiwi kuwa na miguu ya korongo. Mkufunzi mmoja akamwambia kuna mbio nyingine, za kuruka viunzi, ambako mtu mrefu kidogo anavumiliwa. Akaenda naye Ireland, na kutoka huko Kimani akaishia Amerika. Hakuwa nyota. Farasi aliyekataliwa na majoki wengine kwa sababu ana wazimu au anaangusha watu, huyo ndiye alipewa yeye. Alivunjika mtulinga, akavunjika mbavu, akavunjika mkono, na kila mara alitupigia simu akicheka.

Halafu habari zikaanza kuja kwa mlango mwingine. Wakenya wa Maryland waliwaambia jamaa zao wa Nakuru kwamba Kimani amekonda, hali chakula, na ameonekana akitetemeka. Hakuna aliyeutaja ugonjwa kwa jina. Nyote mnajua ni ugonjwa gani usiotajwa. Mama aliposikia akaniita. “Nenda umlete angali anatembea,” akasema. Hiyo ndiyo kazi niliyotumwa.

Njoro hadi Washington

Mama alinifungia njahi alizozichagua moja moja kwa macho yake yale yenye ukungu, maana njahi, maharagwe yetu meusi, ni chakula cha kumrudishia mtu damu. Akaongeza unga wa uji. Mimi nikaongeza mkebe wa nyama ya mbuzi niliyoikaanga mwenyewe ikazama ndani ya mafuta yake. Niliambiwa Amerika hawaruhusu nyama. Nikasema walioniambia hivyo hawakuwa wauza nyama.

Amsterdam tulikwama kwa sababu ya ukungu. Ndege zililala chini kama ng'ombe wanaosubiri dipu, na sisi tukalala vitini. Mama mmoja Mholanzi aliyekaa karibu nami alinimegea jibini yake, akaniuliza ninakokwenda. Nikamwambia ninakwenda kumchukua mdogo wangu akafie nyumbani. Alianza kulia pale pale, mtu asiyemjua Kimani wala Njoro. Mimi nilikuwa bado sijalia, na nikamwonea wivu.

Kule tuliposhukia, kijibwa kidogo kilichovalishwa koti kilinusa mzigo wangu, kikakaa chini na kunitazama kama mteja. Afisa akaufungua mkebe.

“Hii ni ya nani?” akaniuliza kwa Kiingereza.

“Ya mgonjwa,” nikamwambia.

“Pole sana,” akasema, na kwa hakika aliona huruma, kisha akaitupa yote kwenye pipa. Nimeuza nyama maisha yangu yote na sijapata kuona nyama nzuri ikitupwa kwa adabu namna ile. Njahi walizigeuzageuza, wakanirudishia.

Lanham, kwa Mama Shiro

Nilifikia Lanham, huko Maryland, kwa Mama Shiro, binti wa shangazi yetu, ambaye kazi yake ni kutunza wazee katika nyumba moja kule Wheaton. Alikuwa ametoka zamu na hakuwa amelala, lakini nyumba ilikuwa imejaa watu wa ushirika wao wa kanisa na masufuria yao. Palikuwa na mukimo wetu, palikuwa na pilau ya Watanzania, na mama mmoja Mkongo alileta sombe, kisamvu chao. Waliniombea mimi, wakamwombea Kimani, wakaombea na ndege. Nilikula hadi nikaona aibu. Kisha wakanipa ushahidi.

“Baba Njeri, sitakudanganya,” akasema Mama Shiro. “Krismasi tulimu-invite hapa. Nilimservia mimi mwenyewe. Akatafuna kipande kimoja cha nyama, halafu nikamwona anakitema kwa serviette. Mtu mzima.”

“Mimi nilimpata petrol station kule College Park,” akasema bwana mmoja wa Murang'a. “Ilikuwa July, jua linachoma, na yeye amevaa makoti mawili. Heater ya gari iko on. Anatoka jasho mpaka kwa kope. Nikamwuliza, Kimani, uko sawa? Akaniambia anaenda job.”

Watu wakavuta pumzi. Yule mama Mkongo akasema, “Pole, papa. Ile ni homa ya ndani.”

Niliuliza kama kuna aliyewahi kwenda kuona hiyo kazi yake. Wakatazamana. “Si anaosha farasi?” akasema Mama Shiro. Miaka yote hiyo walimlisha, walimwombea na walimzika nusu, na hakuna aliyejua anafanya nini siku ya Jumamosi. Lakini sikuwalaumu sana, kwa sababu na mimi sikuwa nimewahi kuziona mbio za kuruka hata mara moja.

Barabara ya Virginia

Alinipeleka Salimu, jirani wa Mama Shiro, mtu wa Tanga anayeendesha teksi na kuvaa tai hata siku ya mapumziko. Barabara ile ya kuuzunguka mji ilikuwa imesimama kabisa. Tulitazama nyuma ya lori moja mpaka nikalijua kama ndugu.

“Foleni hii, we acha tu,” akasema Salimu. “Kaka, nikushauri kitu. Mgonjwa haulizwi kama ni mgonjwa. Unakaa naye, unakula naye, mwenyewe atasema.”

Nilimwambia shauri lake ni jema, ila mgonjwa huyu hali.

Tulipoupita mji, majumba yakaisha, yakaanza mashamba yenye uzio wa mbao na majani mafupi kama kichwa cha mwanajeshi. Tuliingia lango lisilokuwa letu. Mzungu wa trekta akatudhani vibarua, akatuambia wamejaa, turudi msimu mwingine. Salimu alishika tai yake, akamjibu kwa Kiingereza kizuri kuliko cha yule bwana, akageuza gari. Alinung'unika hadi lango la pili, na hilo ndilo lililokuwa letu.

Kwa farasi

Kimani alikuwa juu ya farasi mwekundu, anamfundisha kuruka magogo. Aliponiona alishuka na kuja akichechemea. Nikamkumbatia. Wenzangu, mnajua jicho langu: nikimtazama mnyama mlangoni najua atatoa kilo ngapi. Sikutaka jicho lile lifanye kazi siku hiyo, na lilifanya. Mabega yalikuwa mifupa mitupu, mashavu yameingia, shingo imebaki mishipa. Nililia kwa sauti mbele ya Salimu na farasi.

“Kaka, kuna nini? Ni mama?” akauliza. Tulikuwa tunazungumza kikwetu, naandika hivi ili nyote msome.

Nikasahau shauri la Salimu. Nikamwambia yote: Krismasi, makoti mawili, homa ya ndani, na mama aliyesema aje angali anatembea. Kimani alinisikiliza mdomo wazi. Kisha akacheka hadi akashika mbavu zake zilizowahi kuvunjika.

“Kumbe ndiyo sababu Mama Shiro alinipa Biblia mpya! Kaka, mimi nimepimwa kuliko ng'ombe wa maonyesho. Sina kitu. Nina kilo tu. Jumamosi napanda mizani na tandiko langu mkononi, nikizidi wanampa mtu mwingine farasi.”

Makoti na moto wa gari ni vya kukamua jasho. Nyama hutafunwa kupata ladha na kutemwa kuogopa uzito. Salimu alicheka, nami nikacheka, machozi hayajakauka. Kwa muda huo nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Virginia. Salimu akaaga, akarudi Lanham kwenda kuwasahihisha watu.

Kimani alikaa katika chumba kidogo kando ya zizi. Alinichemshia chai, yeye akanywa maji ya moto na limau. Akaniuliza habari za mvua, za buchani, za binti zangu. Halafu akasema, “Na mzee? Bado anagombana na daktari juu ya tumbaku yake?”

Baba tulimzika zamani. Kimani mwenyewe alilia kwenye simu hadi tukaogopa.

“Kimani,” nikamwambia, “mzee tulimzika.”

Alinitazama. Akasema haraka sana, “Najua. Najua, kaka. Nilitaka kusema mama.”

Mama hajavuta tumbaku maisha yake yote. Niliweka kikombe chini, nikatoka kumtafuta mwenye shamba.

Mwenye shamba alikuwa mama mmoja mzee, Dottie, mikono mikavu kama ya mkulima wetu yeyote. Nilimkuta anakata kwato, nikamwuliza mdogo wangu ana nini. Aliendelea na kwato ile hadi ikaisha. Akaniambia Kimani alianguka vibaya majira ya vuli yaliyopita, akazinduka tayari yumo ndani ya ambulensi, na haikuwa mara ya kwanza kichwa kupigwa. Tangu hapo huenda kumfungua farasi akasimama mlangoni, hajui ni yupi aliyemfuata.

“Na bado Jumamosi umempa farasi,” nikasema.

“Huyo farasi hakuna mwingine atakayempanda,” akajibu. “Nikimnyima mimi, ataomba kwa jirani.”

Nilimwambia kwetu hata punda aliyechoka hufunguliwa. Alishika kwato nyingine, lakini naamini alinisikia.

Nilirudi kwa Kimani, nikamwambia tuondoke kesho yake. Hakukasirika. Alikaa kitandani akavua soksi polepole.

“Kaka, sirudi bure. Uwanja huu wa Jumamosi nimeukimbia kila mwaka tangu nije, sijaushinda hata siku moja. Nikishinda, Jumapili twende. Nakuapia.”

“Na usiposhinda?”

“Kuna mwaka ujao.”

Basi mambo yalikuwa hivyo. Nilikuja kumchukua mtu asifie kitanda cha ugenini, nikamkuta ameamua kufa uwanjani, kidogo kidogo, kila msimu kipande, na hakuna maneno ya kumtoa huko.

Ijumaa jioni nilizipika njahi za mama. Kimani aliinamia sufuria, akafumba macho, akavuta harufu kwa muda mrefu. Kisha akavaa koti, akatoka nje kutembea. Nikamfuata mlangoni nikamgombeza: mama kazichagua moja moja na macho yale, na wewe unazikimbia kama sumu!

“Jumapili, kaka,” akasema bila kugeuka.

Nilikula peke yangu, nikiwa na hasira, na zilikuwa tamu.

Ndani ya gari

Asubuhi tulianza safari ya uwanjani madirisha yamefungwa na hita imewashwa hadi mwisho. Nje maua ya masika yalikuwa yamefunguka, ndani ilikuwa tanuri. Kimani alivaa makoti yake mawili. Mimi nilivua shati, nikabaki na fulana, nikijifuta kwa gazeti.

“Niulize maswali,” akasema. “Nikianguka leo daktari ataniuliza. Nisipoyajibu ananizuia msimu mzima.”

Nikamwuliza kama alivyonielekeza. Leo ni siku gani? Akajibu. Uko wapi? Akajibu. Rais ni nani? Farasi wako anaitwaje? Alijibu yote upesi, kama mtoto wa katekisimu, na nikaona jinsi alivyowapita madaktari. Wao walidhani wanapima kichwa, kumbe wanasikiliza somo la kukariri.

Nikamtega. “Jana jioni nilipika nini?”

Barabara ikapita, miti ikapita. Jasho lilimdondoka kidevuni.

“Hilo daktari haulizi,” akasema.

Uwanjani

Uwanja wenyewe ni bonde la majani lenye kilima cha watazamaji. Watu walikuwa wamefungua nyuma za magari yao, wametandika vitambaa vyeupe, wanakula kuku na kunywa mvinyo, wanawake wana kofia pana kama ungo. Wengi walikuwa wameupa uwanja mgongo. Katikati yao wakapita majoki, wembamba, macho mbele, bila kugeukia sahani. Nilijisikia vibaya kuwa na tumbo.

Mama Shiro na Salimu walitukuta huko. Mama Shiro alikuwa na aibu ya ile habari ya ugonjwa, na aibu yake ilikuwa imepikwa yote: chapati, maharagwe, kuku wa kupaka wa mke wa Salimu. Alitandika leso zake katikati ya zile kofia na kuwakaribisha majirani.

Mimi nilitembea na Kimani kuuzunguka uwanja kwa miguu, maana ndiyo desturi yao. Alishika kila kiunzi kwa mkono, akanionyesha mahali pa kurukia na mahali penye utelezi. Hapo hakusahau kitu. Alikijua kila kijiwe.

“Tunazunguka mara tatu,” akaniambia.

“Tatu,” nikarudia.

Mizani ikamkubali. Dottie akamnyanyua juu ya yule farasi mwekundu, akampigapiga goti, akaondoka haraka.

Farasi walikuwa wachache. Sauti ya kwato ilipopita mbele yetu niliisikia kifuani. Mzunguko wa kwanza Kimani alikuwa nyuma. Wa pili mmoja akaanguka, joki akajikunja kama jongoo, akainuka. Wa tatu Kimani alikuwa bado nyuma, mbali, yule farasi anarusha kichwa kila kiunzi. Mwingine akashinda, watu wakapiga makofi kidogo na kurudia kuku. Waliobaki wakapita mwisho mmoja mmoja, wakapunguza mwendo.

Kimani alifika wa mwisho kabisa. Hakupunguza. Alipita katikati ya wenzake waliokuwa wamesimama kwenye vikuku vya miguu, akainama juu ya shingo ya farasi, akaenda. Nilidhani farasi amemshinda. Kisha nikaona mikono yake imetulia, na nikajua hesabu ya mizunguko imempotea, anakimbia mbio ambazo zimekwisha.

Alivuka kiunzi cha kwanza peke yake. Alivuka cha pili. Yule farasi mbaya, bila wenzake wa kumtia wazimu, akaruka vizuri kama maji. Mama Shiro alikuwa ameinamia sufuria muda wote. Akainua kichwa, akamwona Kimani mbele, mwenyewe, na nyuma yake hakuna mtu.

“Ameshinda! Baba Njeri, amewaacha wote!” Akapiga vigelegele hadi farasi wa watu wakashtuka. Wale wa kofia walidhani ni mchezo, wakainua glasi, wakamshangilia. Kilima kizima kikamshangilia. Sijapata kuona kitu kizuri kama ndugu yangu akiruka vile, na sijapata kuumia vile. Salimu alinitazama usoni, akavua miwani yake, akaanza kuifuta.

Wasimamizi wawili wa makoti mekundu walimkimbilia kwa farasi, wakamshika hatamu kule ng'ambo. Niliteremka mbio, mimi na umri wangu. Nilipofika Dottie alikuwa ameshafika, na bwana mmoja wa kofia nyeusi, mwamuzi wa mbio, amesimama hajui aanzeje. Kimani alikuwa anahema, uso umejaa tope na nuru.

“Kaka,” akasema, “sikuona mtu mbele yangu. Nimeshinda?”

Kule juu Mama Shiro bado alikuwa anapiga vigelegele. Dottie akatazama chini. Yule bwana wa kofia akanitazama mimi, ingawa hakuelewa neno.

“Umeshinda,” nikamwambia.

“Kweli?”

“Umeshinda, Kimani. Kesho twende nyumbani.”

Akalaza shavu lake juu ya shingo ya farasi, akalia.

Kurudi

Dottie alinieleza pembeni kwamba baada ya leo hakuna atakayemruhusu kupanda tena, nisihangaike. Alimpa Kimani tandiko lile la mbio aje nalo nyumbani. Kimani alishukuru, akaliacha kwenye basi la uwanja wa ndege, wala hakuuliza liko wapi. Ndani ya ndege alikula cha kwake, akala cha kwangu, akamwomba mhudumu mkate mwingine.

Habari zilitutangulia. Mama Shiro alikuwa amepiga simu kabla vigelegele havijakauka, na watu wale wale waliotangaza ugonjwa wakatangaza ushindi. Tulipofika hapa mama alikuwa amekwisha chinjisha mbuzi. Nyinyi wenyewe mliila ile nyama, mkaimba, mkamwita bingwa, na mimi nilikata vipande bila kuwatazama machoni.

Sasa mmejua. Sikuandika ili mmwonee huruma, huruma hataitaka na hataielewa. Anapenda kukaa pale benchini na kusimulia, na anasimulia vizuri, kiunzi kwa kiunzi. Mwacheni asimulie, na mumpongeze. Ila nawaombeni sana, msimuulize nani alikuwa wa pili. Hapo huanza kumtafuta, anageuka kutazama nyuma yake, na hofu inayomwingia usoni mimi siwezi kuitoa.